Mechi 5, mechi 30: mwana wa Wakongomani kwenye barafu ya Kanada



Jioni moja tulikuwa watatu, tumekaa mbele ya nyumba kule Kikula, tunangoja umeme urudi. Mwenzetu mmoja alikuwa bado na chaji kidogo kwenye telefoni. Akatufungulia video: wanaume wawili wenye kofia ngumu wanapigana ngumi juu ya barafu, waamuzi wamesimama kando wanaangalia, na watu wanapiga kelele kama siku ya Mazembe. Mmoja wao alikuwa mweusi. Alipogeuka tukasoma jina mgongoni: IMAMA.

"Huyu njo wa kwetu!" akasema mwenye telefoni.

"Wa kwetu wapi? Huku barafu tuko nayo wapi, kama si ile ya mu frigo?" akajibu mwingine.

Tulicheka sana. Lakini mimi nilirudi nyumbani na swali, na umeme uliporudi nikaanza kutafuta. Nilichokuta si kichekesho. Ni historia ya kazi ya mtu aliyezaliwa mbali, wazazi wake Wakongomani, aliyengoja nafasi yake karibu miaka saba, na aliyetukanwa juu ya ngozi yake mara mbili akiwa kazini. Mara ya kwanza aliyemtukana alipewa adhabu ya mechi 5. Mara ya pili, miaka miwili nyuma yake, adhabu ikawa mechi 30. Ningependa tuangalie pamoja nini kilitokea kati ya 5 na 30. Wengi wetu hapa tuna diplome mkononi na macho yako mbali, ama Bulaya, ama kwenye lango la kampuni ya wageni hapahapa mjini. Habari hii inatuhusu kuliko inavyoonekana.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya mchezo. Hoki ya barafu inachezwa na watu sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba kama kisu chini ya soli, wanashika fimbo ndefu iliyopinda mwisho, na wanafukuzia kisahani cha mpira mgumu. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20. Wanakwenda kasi sana, na kumgonga mwenye kisahani kwa bega kunaruhusiwa.

Ngumi haziruhusiwi, lakini adhabu yake ni ndogo: waliopigana wanakaa nje dakika 5, kisha wanarudi kucheza. Juu ya hiyo, kwa miaka mingi karibu kila ekipe ilikuwa na mtu wake wa ngumi. Kazi yake ni kulinda wenzake. Ukimgonga vibaya mfungaji wetu, utaonana na huyu. Haandikwi sana kwenye magazeti, lakini wenzake wanampenda sana, sababu wanajua anaumia kwa ajili yao.

Ligi kubwa kuliko zote ni NHL. Ilianzishwa Montreal mwaka 1917, na leo ina ekipe 32 za Kanada na Marekani. Chini yake kuna AHL, ligi ya pili, ambako ekipe kubwa zinaweka vijana wao wakue na wazee wao wangoje kuitwa. Tukumbuke hii AHL, sababu sehemu kubwa ya habari yetu inapita kule chini.

WALIOTANGULIA

Tusidhani kwamba mweusi alishika fimbo ya hoki juzi tu. Mwaka 1895, kule Halifax, jimbo la Nova Scotia, Wakanada weusi walianzisha ligi yao wenyewe. Wengi wao walikuwa wajukuu wa watu waliotoka katika utumwa wa Marekani, na waliokusanya vijana walikuwa watu wa makanisa ya Kibatisti. Walifanya ya kwao sababu kwa wazungu mlango ulikuwa umefungwa.

Kisha akaja Herb Carnegie. Alizaliwa Toronto mwaka 1919, wazazi wake walitoka Jamaika. Alicheza vizuri sana katika ligi za Quebec, na waliomwona wanasema alikuwa na kiwango cha NHL. Mwaka 1948 New York Rangers walimwita kwenye majaribio, kisha wakampa kontra ya ekipe ya chini, yenye mshahara mdogo kuliko aliokuwa anapata. Alikataa. Hakucheza hata mechi moja ya NHL. Alikufa mwaka 2012, na jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la hoki mwaka 2022, yeye akiwa kaburini tayari miaka kumi.

Aliyefungua mlango ni Willie O'Ree. Alizaliwa Fredericton, jimbo la New Brunswick, mwaka 1935. Tarehe 18 Januari 1958 aliingia uwanjani Montreal akivaa jezi ya Boston Bruins, akawa mweusi wa kwanza kucheza NHL. Kitu ambacho ekipe yake haikujua ni kwamba jicho lake la kulia lilikuwa limekufa. Kisahani kilimpiga miaka miwili mbele, naye akaficha, maana wangejua wangemfukuza. Alicheza mechi 45 tu katika NHL, kisha akaendelea katika ligi za chini miaka na miaka.

Angalieni vizuri: mtu anayeitwa shujaa wa mlango wa kwanza alicheza mechi 45. Maisha yake mengine yote ya kazi yalikuwa huko chini. Hapo njo tunaanza kuelewa kazi ya Boko.

NJIA YA BOKO

Bokondji Imama, ambaye wenzake wanamwita Boko, alizaliwa Montreal tarehe 3 Agosti 1996, wazazi wake wakitoka kwetu Kongo.

Kwa nini Montreal? Zamani, Mkongomani akisema anaenda Bulaya, alikuwa anawaza kwanza Brussels. Lakini miaka ya 1990 mambo yaliharibika nyumbani. Hapa Katanga tunayakumbuka vizuri: mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, na Gécamines ikaanza kushuka nao. Kinshasa iliporwa mwaka 1991 na tena 1993. Na katika mji wetu huu, mwaka 1992 na 1993, familia za watu wa Kasai zilijaa kwenye gare ya Likasi zikingoja treni, zimefukuzwa katika nyumba walizokaa tangu wazee wao. Sisi watu wa Likasi hatuwezi kusikia neno "kuondoka" bila kuona ile gare. Kisha kukaja vita. Watu walitafuta nchi mpya, na Quebec ilikuwa inachagua wageni wake yenyewe na kuwapendelea wanaojua Kifaransa. Kwa Mkongomani mwenye masomo, hiyo ilikuwa njia.

Kule Quebec, kwa sheria ya mwaka 1977, watoto wa wageni wanasoma katika shule za Kifaransa pamoja na watoto wa mji. Na mtoto anacheza mchezo ambao rafiki zake wanacheza. Huku ni mpira. Kule, miezi mingi ya mwaka, ni hoki. Lakini hoki ni mchezo wa gharama. Mpira ukikosa, unafunga vitambaa na kamba unacheza. Hoki inataka viatu, fimbo, kofia, nguo za kulinda mwili, na saa za uwanja ambazo zinalipiwa. Mtoto anakua, viatu havimwenei tena, unanunua vingine. Mzazi mgeni anayelipa hayo yote anatoa sadaka, kama mzazi wa hapa anayelipa minerval ya watoto watatu.

Boko alipanda. Aliingia ligi ya vijana ya Quebec, akacheza Baie-Comeau, mji mdogo na wa baridi kali kwenye ukingo wa mto Saint-Laurent. Mwaka 2015 Tampa Bay Lightning wakamchagua. Mjue kwamba katika NHL kijana hachagui ekipe: kila mwaka ekipe zinapanga foleni na kuchagua vijana mmoja mmoja, katika raundi 7. Boko alichaguliwa raundi ya 6, namba 180. Wengi wa namba hizo hawafiki kamwe juu.

Alihamia Saint John Sea Dogs, katika jimbo lilelile la New Brunswick. Kutoka Saint John mpaka Fredericton, mji wa Willie O'Ree, ni karibu sawa na kutoka hapa mpaka Lubumbashi. Huko, msimu wa 2016–2017, mtu aliyejulikana kwa ngumi alifunga mabao 41, na ekipe yake ikachukua kombe la ligi. Wote waliosema huyu iko mu ekipe ya kupigana tu, wakanyamaza.

Mwaka huo wa 2017 haki zake zilihamia Los Angeles Kings. Kings wakamweka kwenye ekipe yao ya AHL, Ontario Reign. Hiyo Ontario si ile ya Kanada, ni mji wa California. Na kuna kitu cha kuchekesha hapo: "Reign" maana yake ni utawala, na jina Bokondji kwa sikio la mtu wa Lingala linasikika kama "bokonzi", yaani utawala. Lakini utawala haukuja upesi. Msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, yuko chini palepale. Los Angeles haikumwita kucheza hata mechi moja ya NHL.

Mwaka 2021 akachukuliwa na Arizona Coyotes, nao wakamweka kwenye ekipe yao ya AHL, Tucson Roadrunners. Mwezi wa nne mwaka 2022, karibu miaka saba tangu achaguliwe, aliitwa juu. Akacheza mechi yake ya kwanza ya NHL akiwa na miaka 25, na mwezi uleule akafunga bao lake la kwanza. Baadaye amevaa pia jezi za Ottawa Senators na Pittsburgh Penguins, kila mara kwa kupanda na kushuka kati ya ligi mbili.

Tuongee pia juu ya makuta, maana najua mnawaza. Msimu ule wa 2021–2022 mshahara wa chini kabisa wa NHL ulikuwa dola 750,000 kwa mwaka. Mtu wa hapa akisikia hivyo anaanza kujenga nyumba kichwani. Lakini wachezaji kama Boko mara nyingi wana kontra ya mishahara miwili: ukiwa juu unalipwa wa juu, ukishushwa unalipwa wa chini, ambao ni mdogo mara nyingi zaidi. Na unahesabiwa kwa siku. Ukikaa juu siku kumi, unakula mshahara wa siku kumi. Mtu anaamka asubuhi hajui leo yuko nani. Wenzetu wanaofanya kazi ya siku kwa siku katika migodi wanaielewa kontra hiyo bila kufasiriwa.

Haimaanishi kwamba kila mwana wa mwafrika anapita njia hiyo. Johnny Oduya, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1981, baba yake Mkenya, alichaguliwa mwaka 2001 akiwa namba 221, chini kuliko Boko. Ilibidi naye angoje mpaka 2006 kuingia NHL. Lakini yeye alikaa, akachukua kombe la Stanley mara mbili na Chicago Blackhawks, mwaka 2013 na 2015, na medali ya fedha ya Olimpiki na Uswidi mwaka 2014. Na Nairobi kwenyewe, tangu 2005, kumekuwa uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli Panari, na vijana wakaunda ekipe yao, Ice Lions. Kwa hiyo mwenzetu wa Kikula aliyeuliza "barafu tuko nayo wapi" angepaswa kujibiwa: si mbali sana kama unavyofikiri.

MECHI 5

Sasa tufike kwenye moyo wa habari. Januari 2020, Boko akiwa bado na Ontario Reign, mchezaji mmoja wa Bakersfield Condors alimtukana juu ya ngozi yake katikati ya mechi. Neno lilisikika. Huyo mchezaji aliomba msamaha hadharani, na AHL ikamfungia mechi 5.

Boko naye alitoa tamko, kwa heshima, bila kupayuka. Kisha ekipe hizo mbili zilipokutana tena, hao wawili walipigana. Mashabiki walifurahi, video ikazunguka dunia nzima. Mimi pia nilipoiona niliruka. Haki imetendeka, si ndiyo?

Sasa fikirini vizuri. Ngumi ile ilimaliza deni kati ya watu wawili. Kwa mweusi mwingine atakayetukanwa kesho katika mji mwingine, ngumi ile haikuacha kitu. Na si kila mtu ana mikono ya Boko. Kijana mwembamba wa miaka 18, mfungaji ambaye hajawahi kupigana, yeye afanye nini? Mchezo ulikuwa umempa Boko kazi ya kulinda wenzake. Siku aliyoguswa yeye, alijilinda mwenyewe kwa chombo kilekile walichomlipia. Alipata heshima, lakini ulinzi hakupata.

KATI YA 5 NA 30

Miezi miwili kabla ya tukio hilo, Novemba 2019, mtu mwingine alikuwa amefungua kinywa. Akim Aliu alizaliwa Okene, Nijeria, mwaka 1989, baba Mnijeria na mama Muukraini, akakulia Ukraini na kisha Kanada. Alicheza mechi 7 tu za NHL. Aliandika kwamba kocha Bill Peters alimtukana kwa neno la rangi walipokuwa pamoja katika AHL, miaka kumi nyuma, na kwamba alipolalamika karieri yake ilishushwa chini zaidi. Wakati huo Peters alikuwa kocha wa Calgary Flames. Kwa siku chache tu, tarehe 29 Novemba 2019, Peters alijiuzulu.

Aliu alinyamaza miaka kumi. Si kwa uoga tu. Mtu wa kontra ya siku kwa siku akilalamika, siku yake ya kesho inaweza kutokuwepo. Lakini aliposema, wengine wakagundua kwamba si wao peke yao. Juni 2020, Marekani ikiwaka moto baada ya kifo cha George Floyd, Aliu pamoja na wachezaji wengine weusi na wenye asili tofauti walianzisha muungano wao, Hockey Diversity Alliance. Walidai mambo yanayoshikika, wala hawakutosheka na maneno mazuri ya siku moja. Wakubwa wa ligi hawakukubali yote, na pande hizo mbili ziliachana kabla ya mwaka kuisha. Lakini tangu hapo hakuna kiongozi wa hoki aliyeweza kusema "sisi hatukujua".

MECHI 30

Tarehe 12 Januari 2022, Boko akiwa Tucson, mchezaji wa San Jose Barracuda alimfanyia ishara ya nyani katikati ya mechi. Mtu yuleyule, ligi ileile, miaka miwili tu imepita. Kamera ilinasa.

Safari hii hakuna aliyengoja mechi ya marudiano ili watu wapigane. Ligi ilichunguza, na tarehe 21 Januari ikatoa adhabu: mechi 30. Mara sita ya ile ya kwanza. Siku iliyofuata, katika ligi nyingine iliyo chini ya AHL, Jordan Subban, mwana wa familia ya Karibi, alisema kwamba mchezaji wa Jacksonville Icemen alimfanyia ishara kama hiyo. Yule mchezaji alikana nia hiyo, lakini ekipe yake ikamwacha, na ligi ikamfungia mpaka mwisho wa msimu.

Na katikati ya siku hizo, tarehe 18 Januari 2022, Boston Bruins waliinua juu ya uwanja wao jezi namba 22 ya Willie O'Ree, isivaliwe tena na mtu, miaka 64 kamili tangu siku ile ya Montreal. Mzee alikuwa na miaka 86. Kati ya tarehe 12 na tarehe 21, mchezo huohuo ulimtukana mweusi mmoja, ukamheshimu mwingine, na ukaadhibu. Hiyo njo historia ilivyo: haiendi kama treni kwenye reli, inaenda kama lori katika njia ya mvua, mbele kidogo, kando kidogo.

Mimi nasoma habari hii hivi. Kati ya 5 na 30 mioyo ya watu haikubadilika sana. Lile tusi la pili linaonyesha. Kilichobadilika ni bei. Na bei ilipanda sababu watu wenye mechi chache, watu ambao kila mmoja peke yake hakuwa na nguvu, walisema, wakasema kwa majina yao, na wakasema pamoja. Aliu mwenye mechi 7. Boko, ambaye siku hizo hakuwa amecheza mechi hata moja ya NHL. Si nyota waliobadilisha hesabu hiyo, ni watu wa ligi ya pili.

NA SISI WA LIKASI?

Wengine watasema: huyu ni Mkanada, alizaliwa kule, anatuhusu nini? Ni kweli, ni Mkanada. Simvuti kwa nguvu aje awe wetu. Lakini tazameni desturi yetu. Dikembe Mutombo alipokuwa anazuia mipira katika NBA, kila Mkongomani alikuwa ndugu yake. Alipojenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake, undugu ukaongezeka. Siku ya bao, mtu iko wa kwetu. Siku ya tusi, iko wa nani? Januari 2022, wangapi kati yetu waliandika hata mstari mmoja juu ya Imama? Mimi sikuandika. Sikujua hata jina.

Na Kanada si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Wakati wa vita ya pili ya dunia, madini ya urani yaliyochimbwa Shinkolobwe, hapa karibu na mji wetu, yalivuka bahari, na sehemu yake ilisafishwa Port Hope, katika jimbo la Ontario la Kanada. Mwisho wa safari hiyo mnaujua, ni bomu la Hiroshima. Waliochimba walikuwa babu zetu, na hakuna karatasi ya ushindi iliyoandika majina yao. Mawe yetu yalikwenda kule bila jina. Huyu mwana wa Wakongomani amesimama kule na jina kubwa mgongoni, na alipotukanwa alisema kwa jina hilohilo.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye diplome, haya njo ninayokuachia.

Kama unaondoka, usiwaze kwamba Bulaya ni kuruka mara moja. Boko alikuwa na kipaji, na alizaliwa kulekule, na bado alikaa chini karibu miaka saba. Ukimaliza mwaka wa pili uko bado kwenye kazi ya usiku, hujashindwa. Uko AHL.

Kama unabaki, na kazi yako iko chini ya mkubwa anayeweza kukutukana leo na kukufukuza kesho, usiamini ngumi. Ngumi inakupa video nzuri na barua ya kufukuzwa. Andika tarehe. Andika saa, neno lililosemwa, na nani alikuwepo. Tafuta mwenzako aliyetukanwa kabla yako, maana huwa yupo. Aliu alingoja miaka kumi kabla ya kusema. Sisi tumesoma, tunajua kuandika ripoti, wengine wamesoma sheria kabisa. Itakuwa aibu tukiwa na kalamu na tunapigana kwa mikono.

Na kama mtu atakuambia mechi 5 ni adhabu ya kutosha, mwambie ilikuwa hivyo mwaka 2020.

Jana jioni umeme ulikatika tena. Yule mwenzetu wa Kikula alitoa telefoni, akauliza kama nimekuta huyo Imama ni wa wapi. Nikamwambia wa Montreal. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi iko wa kwetu wa kule."

Mnasemaje, bandugu? Na ninyi mliofika kule tayari, ama mnaofanya kazi na wageni hapa, kwenu sasa hivi adhabu iko mechi ngapi?